Kichwa cha dagaa unachowatupia kuku ndicho chenye madini ya mwanao

Jioni ikiingia Munanila, katika nyumba nyingi kazi ya mboga huanza na ungo wa dagaa. Mama anakaa kwenye kigoda, anamshika dagaa mmoja mmoja, anamvunja kichwa kwa kidole gumba, anatoa utumbo mweusi, anabakiza kiwiliwili. Kuku wanajua saa hiyo. Wamekwisha kujipanga mlangoni.

Baada ya muda sufuria ina dagaa safi wasio na uchungu, na uani hakuna kichwa hata kimoja kilichobaki.

Chakula kinapoiva, baba na watoto wakubwa wanapata dagaa. Yule wa mwaka mmoja na nusu anapewa tonge la ugali lililochovywa kwenye mchuzi. Hakuna anayemnyima kwa ubaya. Wanahofia atakwamwa na miba.

Ukipiga hesabu ya usiku huo, kuku wamepata kalsiamu, chuma na zinki. Mtoto amepata rangi ya nyanya na chumvi.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Samaki na viumbe wengine wa majini hubeba madini mwilini mwao: mengine ni ya kujenga mtoto, mengine ni ya kumdhuru. Mzazi akijua yapi yako wapi, ataweza kuamua nini kiende kwenye sahani na nini kibaki nje, bila kuongeza hata shilingi kwenye bajeti ya soko.

Kutoka ziwani hadi mlimani

Munanila ipo Wilaya ya Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, jirani na mpaka wa Burundi. Ni nchi ya kahawa, ndizi, maharage, mahindi na muhogo. Mvua si haba na shamba halimnyimi mtu ugali.

Samaki ndiye anayepanda mlima. Anatoka Ziwa Tanganyika, akiwa amekaushwa au kukaangwa, anapita mikononi mwa wachuuzi hadi kwenye fungu la sokoni. Mgebuka huja akiwa na bei yake. Dagaa ndiye anayemudu mfuko wa kila mtu.

Bahari yenyewe iko mbali, zaidi ya kilomita 1,000 kwenda Dar es Salaam. Watoto wengi wa huku watamaliza shule ya msingi bila kuiona. Hata hivyo, kama tutakavyoona, kuna kitu kimoja cha bahari ambacho miili yao inakihitaji kila siku, na ambacho hata dagaa bora wa Kigoma hana cha kutosha.

Mwili wa samaki ni ghala

Maji ya bahari na ya ziwa huwa na madini yaliyoyeyuka, yaliyosombwa na mvua na mito kutoka kwenye miamba na udongo. Viumbe wa majini huyachukua kupitia matamvua, ngozi na chakula, kisha huyatumia kujengea miili yao.

Wapo wanaofanya hivyo kwa namna inayoshangaza, na ni habari nzuri ya kuwasimulia watoto wakati wa kusubiri chakula kiive.

Damu ya binadamu ni nyekundu kwa sababu inabeba hewa ya oksijeni kwa kutumia madini ya chuma. Pweza na ngisi wa pwani yetu hutumia shaba badala ya chuma, na ndiyo maana damu yao ikipata hewa huwa ya buluu. Kaa na kamba nao ni vivyo hivyo.

Chaza, yule wa kombe anayeokotwa kwenye miamba wakati maji yamekupwa, ni miongoni mwa vyakula vyenye zinki nyingi kuliko vyote vinavyojulikana. Kombe lake, kama lilivyo la konokono na la simbi, limejengwa kwa kalsiamu.

Yupo kiumbe mdogo wa miambani aitwaye chitoni. Yeye hula ukoga wa mwani unaoota juu ya mawe, na ili meno yasiishe kwa kukwangua ameyavika magnetaiti, aina ya madini ya chuma yanayonaswa na sumaku.

Na chini kabisa ya Bahari ya Hindi, mahali ambapo maji ya moto hufoka kutoka ardhini, mwaka 2001 wanasayansi walikuta konokono ambaye mguu wake umefunikwa magamba yenye madini ya chuma na salfa, mithili ya askari aliyevaa deraya.

Dagaa wa Kigoma hana deraya wala damu ya buluu. Lakini naye ni ghala. Kwa ukoo, yeye ni jamaa wa dagaa na simu wa baharini, tofauti yake ni kwamba anaishi kwenye maji baridi. Madini yake ameyaweka mahali ambapo samaki wote wa mifupa huyaweka: kwenye mifupa, kichwani, kwenye magamba na katika viungo vya ndani.

Kwa nini mdogo anamshinda mkubwa

Mtu akila kipande cha mgebuka au sangara, hula nyama na kutupa mfupa. Amepata protini nzuri, lakini kalsiamu yote imeishia kwenye takataka. Akila dagaa mzima, anakula pamoja na uti wa mgongo, kichwa na macho.

Tofauti hiyo ni kubwa. Gramu 100 za dagaa wakavu wanaoliwa wazima zinaweza kuwa na zaidi ya miligramu 1,000 za kalsiamu. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe cha mililita 250 kina kama miligramu 300.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji takriban miligramu 500 kwa siku kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO). Kwa hiyo hata gramu 10 tu za dagaa waliosagwa na vichwa vyao, ambazo zinaenea kwenye kiganja, zinaweza kumpa zaidi ya miligramu 100. Hiyo ni kama theluthi moja ya kikombe cha maziwa, katika nyumba ambayo pengine haina ng'ombe.

Kalsiamu ni ya mifupa na meno. Chuma ni cha damu. Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka upesi, hana hamu ya kucheza, na akili yake huchelewa kushika mambo. Chuma kilicho ndani ya samaki na nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko kile cha maharage na mboga za majani.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba samaki akichanganywa na maharage, huusaidia mwili kukichukua hata kile chuma cha maharage. Kwa hiyo maharage yanayopikwa na kiganja cha dagaa si mboga ya kubana matumizi. Ni mboga bora kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Ukikamulia ndimu au kuweka tunda baada ya mlo, umeongeza tena. Ukimpa mtoto chai ya rangi pamoja na mlo huo, umepunguza, kwa sababu chai hushika chuma kisifyonzwe.

Zinki ni ya kukua na ya kinga. Mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto wa kuhara kituo cha afya anazijua tembe zake, zile zinazotolewa pamoja na ORS. Dagaa anayo zinki kabla mtoto hajaugua.

Siku 1,000 ambazo hazirudi

Haya si mambo ya kupendezesha mazungumzo. Kwa takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto, mwaka 2015/16 watoto 34 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 30. Idadi imeshuka, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu.

Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Lakini ufupi ni ile dalili ya nje tu. Ndani, ubongo nao umekua kwa shida. Wataalamu wa lishe husisitiza siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Kinachokosekana katika kipindi hicho ni vigumu sana kukirudisha baadaye.

Ndiyo sababu yule mtoto wa mwaka mmoja na nusu, aliyepewa mchuzi bila dagaa, ndiye hasa aliyepaswa kuhudumiwa wa kwanza. Baba akikosa dagaa leo, atakula kesho. Mtoto huyo amebakiza miezi sita tu ndani ya zile siku 1,000.

Namna ya kumpa bila kukwamwa

Hofu ya miba ni ya haki, na dawa yake ni kinu.

Chambua dagaa wakavu, toa mawe na uchafu. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu hadi mchanga uishe. Waanike juani juu ya chanja au kitambaa safi, kisha wakaange kwenye sufuria kavu bila mafuta, moto mdogo, mpaka wavunjike kwa vidole. Watwange na vichwa vyao, halafu chekecha kwa chujio laini. Kinachobaki juu rudisha kinuni.

Unga huo hutunzwa kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Kijiko kimoja kinaingia kwenye uji, kwenye ndizi zilizopondwa au kwenye maharage ya mtoto aliyetimiza miezi sita na kuendelea, huku akiendelea kunyonya. Anza na kidogo, umwangalie kama chakula kipya chochote. Usagie kiasi cha wiki moja au mbili, kwa kuwa mafuta ya samaki huchacha.

Wanaolalamikia uchungu wanasema kweli, ila uchungu hauko kichwani. Uko kwenye utumbo na nyongo. Kwa dagaa wakubwa, utumbo unaweza kutolewa na kichwa kikabaki. Kwa wale wadogo, kukaanga vizuri kunaupunguza uchungu.

Na mchanga usihesabiwe kuwa madini. Dagaa walioanikwa chini hubeba chengachenga zinazosaga meno na uchafu unaoleta maradhi ya tumbo. Ukiweza kuchagua, nunua waliokaushwa kwenye chanja. Bei ikiwa juu kidogo, kumbuka kwamba kwenye fungu la bei rahisi sehemu ya uzito ni mchanga.

Vipi kuhusu zebaki?

Habari za samaki wenye sumu huzunguka sana kwenye simu, na mzazi anayezisoma anaweza kuamua kuacha samaki kabisa. Ni vizuri kujua ukweli uko wapi.

Zebaki ni metali. Ipo kidogo kwenye miamba na hewa, na huongezwa na moshi wa makaa ya mawe na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Ikifika majini, bakteria huigeuza kuwa aina inayoshika kwenye nyama na isiyotoka upesi. Viumbe vidogo vinavyoelea majini huwa na chembe chake. Dagaa hula viumbe hivyo kwa maelfu. Mgebuka hula dagaa. Samaki mkubwa zaidi hula hao wote, tena kwa miaka mingi. Kila ngazi inarithi mzigo wa ngazi ya chini na kuuongeza.

Kwa hiyo zebaki hutembea kinyume cha kalsiamu ya sahani yetu. Yule mdogo anayeliwa mzima ana madini mengi ya kujenga na zebaki kidogo. Yule mkubwa, mzee na mla wenzake ndiye mwenye zebaki zaidi. Baharini, hao ni kama papa na nduwaro.

Dunia ilijifunza hili kwa machungu huko Minamata, Japani. Mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu wa neva ulitambuliwa rasmi kwa familia za wavuvi. Kiwanda kilikuwa kikimwaga zebaki kwenye ghuba, samaki na kombe wakaikusanya, na watu wakawala. Walioumia zaidi ni watoto waliokuwa bado tumboni, hata pale ambapo mama hakuonyesha dalili kubwa. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Na Ziwa Tanganyika? Watafiti walichukua sampuli za samaki wa ziwa hili mwaka 2000 na kupima zebaki. Waliona kwamba inapanda ngazi kwa ngazi, kama ilivyo katika Ziwa Victoria na Ziwa Nyasa. Lakini samaki wengi walikuwa chini ya mikrogramu 0.2 kwa gramu, kiwango cha tahadhari cha WHO kwa watu walio hatarini wanaokula samaki kwa wingi. Aina chache tu zilikikaribia au kukipita kidogo, wakiwemo kambare wa aina moja na samaki wengine walao wenzao.

Somo lake kwa familia ni rahisi. Dagaa si wa kuogopwa. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wale samaki mara kwa mara, wakiwapendelea wadogo. Samaki wakubwa walao wenzao wawe wa mara moja moja. Kuacha samaki wote kwa kuogopa zebaki ni kumkosesha mtoto chuma, kalsiamu na mafuta ya ubongo kwa hofu ya kitu ambacho dagaa anacho kwa uchache.

Kitu ambacho dagaa hana

Sasa turudi kwenye lile deni la bahari.

Wazee wa nyanda za juu wanalikumbuka rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wengine huuita goita. Katika vijiji vingi vya milimani lilikuwa jambo la kawaida hadi likafikiriwa kuwa ni la ukoo. Halikuwa la ukoo. Lilikuwa dalili ya mwili kukosa iodini, ile ambayo Watanzania wameizoea kwa jina la madini joto.

Iodini ya dunia imejaa baharini. Kwa maelfu ya miaka mvua imekuwa ikiiosha kutoka kwenye udongo wa milima na kuipeleka kwenye mito, na mito ikaipeleka baharini. Mlima ukiwa na mvua nyingi na mteremko mkali, udongo wake hubaki mtupu. Maharage yanayoota hapo hayana, ng'ombe anayekula majani yake hana, na mtu anayekula vyote hivyo hana.

Samaki na kombe wa baharini wana iodini nyingi, na mwani, ule unaolimwa Zanzibar, unayo zaidi. Samaki wa maji baridi wanayo kidogo. Hapo ndipo dagaa wa Tanganyika, pamoja na uzuri wake wote, anapofika mwisho.

Mwili unahitaji kiasi kidogo mno. Mtu mzima hutaka mikrogramu 150 kwa siku. Ukijumlisha miaka 70, haifiki gramu 4, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa maisha yote. Mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji mikrogramu 250 kwa siku, mtoto chini ya miaka mitano 90. Lakini kiasi hicho kidogo kikikosekana wakati wa ujauzito, mimba inaweza kuharibika, mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa hai na akili iliyofifia maisha yake yote. Rovu la shingoni ndilo dogo katika madhara hayo.

Kwa kuwa samaki wa bahari hawezi kuletwa kila siku kwenye kila nyumba ya mlimani, ilibidi iodini ipandishwe kwa kitu ambacho kila jiko hutumia. Katika miaka ya 1980 Tanzania ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini kwenye wilaya zilizoathirika sana. Kisha katikati ya miaka ya 1990 ikawekwa sheria kwamba chumvi ya kula iongezwe madini joto.

Hapa wana-Kigoma wana la kuzingatia. Mkoa wao una chumvi yake ya Uvinza, inayotoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi na ambayo imekuwa ikichemshwa na kufanyiwa biashara kwa zaidi ya miaka 1,000. Ni urithi wa kujivunia. Lakini chumvi ya asili, iwe ya chemchemi au hata ya bahari yenyewe, ina iodini kidogo mno isiyokinga rovu. Kinachokinga ni ile iliyoongezwa kiwandani. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani ni moja: pakiti imeandikwa kwamba ina madini joto? Chumvi ya kupimwa kwa kikombe kutoka kwenye gunia lisilo na maandishi haimwambii mzazi chochote.

Hata ile yenye madini joto hupoteza nguvu ikikaa wazi, juani, kwenye unyevu au karibu na jiko. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, na itie chakula kikikaribia kuiva. Wala hii si ruhusa ya kuongeza chumvi. Ni ile ile kidogo ya siku zote, ila iwe ya aina sahihi.

Muhogo nao una neno

Kuna kingine kinachohusu ugali wa Kigoma. Muhogo, hasa mchungu, una sumu ya asili. Usipolowekwa na kukaushwa vizuri, mabaki ya sumu hiyo yakiingia mwilini hugeuka kuwa kitu kinachoizuia tezi ya shingo isiipate iodini.

Ng'ambo ya Burundi na Rwanda, katika kisiwa cha Idjwi kwenye Ziwa Kivu upande wa Kongo, watafiti waliofanya kazi tangu miaka ya 1960 walikuta jambo la kushangaza. Iodini ilikuwa chache kisiwa kizima, lakini rovu lilikuwa jingi mno upande wa kaskazini na dogo upande wa kusini magharibi. Uchunguzi ulielekeza kwenye muhogo: namna ulivyoliwa na sumu iliyobaki ndani yake ndivyo vilivyotofautisha sehemu hizo.

Hakuna haja ya kuuacha muhogo. Kuna haja ya kuupa siku zake: kuuloweka hadi ulainike, kuumwaga maji yake, kuukausha juani hadi ukatike kwa mlio, ndipo usagwe. Njaa au haraka ikifupisha siku hizo, mwenye kuumia zaidi ni yule aliye na iodini kidogo.

Sahani ya kesho

Wakati wa mapumziko ya ziwa, kama yale ya kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, samaki mbichi hupungua na bei hupanda. Familia iliyojiwekea unga wa dagaa mkavu kidogo kidogo huyavuka mapumziko hayo ikiwa na unafuu.

Mambo ya kukumbuka si mengi. Samaki mdogo aliwe mzima, na mtoto mdogo apewe wa kusagwa. Samaki mkubwa mla wenzake awe wa mara moja moja, hasa kwa mjamzito. Chumvi iwe ya pakiti yenye madini joto. Maharage yapikwe na dagaa, na chai isubiri. Mjamzito aendelee na vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, kwa maana dagaa ni chakula, hachukui nafasi ya dawa. Mwenye wasiwasi juu ya ukuaji wa mtoto aende na kadi kituo cha afya, mtoto apimwe urefu pamoja na uzito, kwa sababu udumavu hauonekani kwenye mizani peke yake.

Na jioni, ungo ukitolewa tena, mtu mmoja wa nyumbani aulize kabla ya kidole gumba kuvunja kichwa cha kwanza: hiki kinakwenda kwa nani? Kuku watatafuta mchwa na pumba, hawakosi. Mtoto wa mgongoni hana pa kwenda kutafuta.